Rulo kumi na moja na mikate arobaini

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, katika mwaka wa pili baada ya uhuru, Mama Adela alisimamisha meza ya ukaguzi na kuniita kwa sauti iliyovuka kelele za mashine zote. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu niliitazama. Nina tabia ya kutazama saa kabla sijatazama jambo lenyewe, na ndiyo maana kiwandani waliniita Papa Minuti.

Mama Adela alikuwa mkuu wa ukaguzi. Kitambaa cheupe kilichokwisha kufuliwa kilipita mezani kwake, akakitazama, kisha kikakunjwa majora na kupelekwa stesheni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali, na ulimi wake ulifika mahali kabla ya macho.

"Papa Minuti, njo nini hii? Umeanza kututengenezea nguo ya chui?"

Juu ya kitambaa kulikuwa na doa la kutu, dogo kama punje ya dengu. Mbele yake lilikuwepo lingine, na mbele ya hilo lingine, yote katika mstari mmoja ulionyooka. Nilitoa utepe wangu wa kupimia. Kutoka doa hadi doa: sentimita thelathini na nane. Nikapima mara kumi. Thelathini na nane, thelathini na saba na nusu, thelathini na nane.

"Unalipima la nini? Lifute!"

"Mama, linaniambia mahali linapotoka."

Kitambaa chetu kilipita juu ya mirija ya chuma inayozunguka, ambayo sisi tuliita rulo. Doa linalojirudia linatoka kwenye kitu kinachozunguka, na umbali kati ya doa na doa ni mzingo wa kitu hicho. Ukigawanya thelathini na nane kwa tatu na kidogo, unapata kumi na mbili. Kwa hiyo mkosaji alikuwa rulo yenye upana wa sentimita kumi na mbili. Laini nyeupe, yaani mfululizo wa mashine za kitambaa cheupe, ilikuwa na rulo kumi na moja za upana huo, na zote kumi na moja nilizipaka verni, rangi ya kukinga chuma na kutu, mimi mwenyewe, wiki tatu kabla. Utepe ulinionyesha mwizi, na mwizi alikuwa amevaa viatu vyangu.

Ninyi vijana wa ateliye, karakana yetu ya mafundi, mmeniomba niandike mambo ya kazi kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sasa nina nafasi. Mmoja wenu alitaka nieleze jinsi nilivyopanda vyeo. Vyeo vimo katika faili ofisini, na anayevitaka atavipata huko, akiwa na subira na barakoa ya vumbi. Mimi nitaeleza habari ya rulo, kwa sababu katika wiki ile nilijifunza jambo ambalo nimelitumia miaka yote iliyofuata.

Niliingia ateliye mwanzoni mwa mwaka 1960, mji wetu ukiwa bado unaitwa Albertville. Nilikuwa na madarasa sita ya shule ya misheni na vitabu vitatu vya ufundi vya Kifaransa, kimoja bila jalada wala kurasa za mwisho, kiasi kwamba mpaka leo sijui jinsi sura ya gia ilivyomalizika. Siku ya kwanza nilifika nusu saa kabla ya kengele. Msimamizi wa ateliye, Musiye Armand, Mbelgiji mnene mwenye masharubu ya kijivu, alinikuta mlangoni. Alitazama saa yake, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake: "Wewe iko mugonjwa?"

Musiye Armand ndiye aliyenifundisha kupaka rulo. Chuma kinachopitisha kitambaa kilicholowa maji na soda kali hupata kutu kwa siku mbili, kwa hiyo ni lazima kivikwe. Sisi tulikivika verni ya kupikwa, majimaji mazito ya rangi ya asali yaliyokuja katika makopo kutoka Ulaya. Alinifundisha kusugua chuma mpaka nione meno yangu ndani yake. Alinifundisha kutokigusa tena kwa vidole vitupu, maana jasho la mkono linabaki chini ya verni na mwezi wa pili linatokea juu kama sahihi. Alinifundisha kupaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na kuchora vijisanduku kwa ncha ya kisu, kubandika karatasi ya gundi na kuibandua kwa ghafla, kuona kama verni imeshika.

Jambo moja tu hakunionyesha. Ijumaa tulipaka, rulo zikakaa usiku kucha zikauke kwa hewa. Jumamosi, siku ya posho, kazi ilikwisha saa sita mchana na sisi tukaenda nyumbani. Musiye Armand alibaki peke yake, akaziingiza rulo katika tanuri la umeme na kuzipika. Jumatatu tulizikuta zimening'inia, ngumu, zina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipoomba kubaki nijifunze, alikataa.

"Kupika iko kazi ya muntu mumoja," alisema.

Nilidhani ni siri ya ufundi. Nilimheshimu zaidi.

Katikati ya mwaka ule aliondoka kwa meli ya Kigoma, kama wengi wenzake, na sanduku moja. Aliniachia ufunguo wa tanuri na daftari lenye jalada jeusi. Katika ukurasa wa rulo aliandika kwa mwandiko mzuri: nyuzi mia moja themanini, saa moja. Alinishika mkono akasema, "Usibadilishe kitu." Nami sikubadilisha kitu, isipokuwa kimoja ambacho sikujua kwamba kipo.

Rulo alizopika yeye zilidumu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza kuchubuka. Zilipochubuka, zamu ikawa yangu. Nilisugua, nikapaka, nikachora vijisanduku, vikashika vizuri ajabu. Nilipika kwa nyuzi mia moja themanini. Sindano ya kipimajoto mlangoni ilipofika hapo nilianza kuhesabu, na dakika ya sitini ilipotimia nikafungua. Si ya hamsini na tisa, wala ya sitini na moja. Rulo zangu zilitoka na rangi ya asali, zinang'aa kuliko za Musiye Armand. Niliziangalia nikajisifu kimoyomoyo kwamba mkono wangu ni msafi kuliko wake. Hayo ndiyo makosa ya mtu aliyejifunza peke yake: akiona tofauti kati yake na mwalimu, anadhani amempita.

Basi, Jumatatu ile ya madoa, Direkta wa kiwanda alishuka mwenyewe. Alikuwa mtu wa hesabu, mpole, na upole wake ulitutia hofu kuliko makelele. Alitazama doa, akamtazama Mama Adela, akanitazama.

"Rulo mpya zitatoka Ulaya," alisema. "Lakini treni ya Kabalo inakuja siku inayotaka yenyewe, na vitu vyetu vingine viko njiani tangu mwaka jana. Fundi, unaweza kuzitengeneza?"

"Naweza, Direkta."

"Ulizitengeneza wiki tatu zilizopita."

Nilikunja utepe wangu, naye akaendelea.

"Laini nyeupe nitaisimamisha wiki hii. Jumatatu ijayo tutaiwasha. Kitambaa kikitoka na doa, nitaifunga, na watu wa laini watakwenda nyumbani mpaka vitu vifike."

Watu wa laini walikuwa thelathini na wawili, pamoja na Mama Adela. Yeye alikuwa na watoto watano na mume aliyekwama upande wa Manono tangu vita vianze na kufunga njia. Direkta alipoondoka hakunitania. Hilo lilinitisha, kwa kuwa Mama Adela alimtania hata padri.

"Papa," alisema, "sijui mambo ya verni. Mi najua kuona tu. Lakini wewe unajua kupima. Pima basi."

Jumanne nilipima. Ghalani ilibaki rulo moja ya zamani, ya mkono wa Musiye Armand, ambayo haikuwahi kutumika. Niliikata kipande cha upana wa kiganja, nikakata na kipande cha rulo mbovu niliyoipaka mimi siku moja na zile kumi na moja. Nikavitia katika makopo mawili ya maziwa yenye soda kali, nikayaweka juu ya mbabula yenye makaa kidogo, yawe moto bila kuchemka, kama maji ya laini yalivyokuwa. Baada ya saa nne nilivitoa. Kipande cha Musiye Armand kilikuwa kama kilivyoingia. Changu kilikuwa kimelainika, na kucha ya kidole gumba iliichuna verni kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Ilikuwa verni ya namna moja, chuma kimoja, tanuri moja. Kumbe vijisanduku vya kisu vilinidanganya: verni mbichi inashika vizuri, kwa kuwa ni laini. Inashika kama ugali unavyoshika sufuria. Kushika si kudumu. Hapo nilijua kwamba tofauti iko katika kupika, na kwamba rangi ya asali niliyojisifia ilikuwa rangi ya ubichi.

Lakini daftari lilisema saa moja, nami nilitoa saa moja. Kama muda ni uleule, nilifikiri, basi kipimajoto kimezeeka kinasema uongo, na dawa ni kuongeza moto. Jumatano nilipaka vipande vitatu vya bomba jembamba, nikapandisha tanuri hadi nyuzi mia mbili na hamsini, saa moja kamili. Vilitoka vyeusi vyenye malengelenge. Nilikigonga kimoja kwa mpini wa nyundo, verni ikaruka vipande kama ganda la yai. Verni isiyoiva inakufa kwa soda, verni iliyoungua inakufa kwa kugongwa. Nilikuwa nikiandika hayo wakati tanuri lilipotoa mlio mdogo, tk, kama mtu aliyevunja njugu kwa meno, na sindano ikaanza kushuka. Waya wa moto ulikuwa umekatika.

Waya wa akiba haukuwepo. Nilituma ujumbe kwa fundi mmoja wa kiwanda cha saruji huko Kabimba. Jibu lilirudi siku ileile na dereva wa lori: samahani, sisi tulikuwa karibu kuwaomba ninyi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Papa Feruzi.

Papa Feruzi aliokea mikate yake karibu na soko. Alikuwa na matanuri mawili ya matofali yaliyojengwa mgongo kwa mgongo na bomba moja la moshi, kila moja na kina cha mita mbili. La kulia alilitumia kila siku. La kushoto lilikuwa na ufa sakafuni na alilitumia kwa sikukuu tu. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi wa nyumba za Wazungu, na nyumba yake ya mwisho ilikuwa ya Musiye Armand. Nilijua hilo. Sikujua kwamba lina maana.

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza huku akikanda unga, mikono mpaka kwenye viwiko.

"Unataka kupika vyuma katika tanuri langu."

"La kushoto, Papa. Kwa saa moja tu."

"Saa moja?" Aliacha kukanda. "Nani alikwambia saa moja?"

"Daftari la Musiye Armand."

Alicheka mpaka akaegemea ubao wa unga. Niliona unga ukiruka na sikuelewa.

"Papa Minuti, sikiliza. Siku ya posho, saa sita, Musiye anawasha lile tanuri lake. Saa sita na robo anaingia nyumbani. Nampa samaki, nampa viazi, nampa bia mbili. Anavua viatu. Ananiambia, Feruzi, niamushe baada ya saa moja, niko na fimbo zangu katika moto. Naye analala."

"Halafu unamwamsha saa saba na nusu."

"Umewahi kumwamsha Mubelgiji mwenye bia mbili? Saa saba na nusu nagonga mlango. Anasema, bado. Saa nane nagonga. Anasema, bado kiloko. Saa tisa napiga sufuria na mwiko, naita, Bwana, fimbo zako zinaungua! Hapo njo anaamka, anakimbia na kiatu kimoja. Kila siku ya posho. Miaka mine."

Nilikaa juu ya gunia la unga. Saa sita hadi saa tisa ni saa tatu. Musiye Armand alinakili saa moja kutoka kitabu chake, akapika saa tatu kutoka kitandani mwake, na kwa aibu hakuandika. Ndiyo maana kupika kulikuwa kazi ya mtu mmoja. Katika ateliye nzima hakuna kitu kilichobadilika baada ya yeye kuondoka, isipokuwa kwamba usingizi wa mchana uliondolewa, na aliyeuondoa ni mimi, kwa kufungua tanuri kwa wakati.

"Kwa hiyo zilikuwa zinapikwa saa tatu," nilisema.

"Na mkate ni vilevile," Papa Feruzi alisema, akirudi kwenye unga wake. "Kijana mupya anatia mkono ndani, anasema tanuri moto. Sawa, tanuri moto. Mkate iko moto? Anautoa, juu mwekundu, ndani uji. Wewe ulikuwa unahesabu saa ya tanuri."

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba ninyi vijana msome sehemu hii mara mbili. Kipimajoto cha mlangoni hupima hewa. Hewa hupata moto haraka. Rulo moja ilikuwa na kilo thelathini za chuma, na chuma kinene hupata moto polepole. Sindano iliponiambia mia moja themanini, verni ilikuwa imekaa juu ya chuma ambacho bado kilikuwa vuguvugu. Kitabu cha Ulaya hakikukosea: saa moja ni saa moja. Ila saa hiyo huanza chuma kinapoiva moto, si tanuri linapoiva moto. Musiye Armand hakulijua hilo. Bia mbili zilimwokoa.

Lakini sikutaka kuamini tena kitu kwa kuambiwa, hata kama mwenye kusema ana unga mpaka viwiko. Nilichukua kile kipande kilichobaki cha rulo ya zamani, kina uzito wake na unene wake, nikakiziba upande mmoja kwa udongo, nikajaza mchanga, nikazamisha humo kipimajoto kirefu cha kioo tulichotumia kupima mafuta. Hicho kingekuwa jicho langu ndani ya chuma.

Ijumaa tulisugua na kupaka rulo zote kumi na moja. Watu wa laini hawakuwa na kazi, kwa hiyo walikuja wenyewe na matambara. Mama Adela alikagua kila rulo kabla sijapaka, na mbili alizirudisha.

"Hapa kuna kidole cha muntu."

"Sikioni, Mama."

"Njo maana wewe unapika na mimi nakagua."

Jumamosi tulizisukuma kwa mkokoteni mpaka kwa Papa Feruzi, zimefunikwa shuka. Watu wa sokoni waliuliza ni maiti ngapi. Papa Feruzi alikuwa amechoma kuni tangu alfajiri, akaondoa makaa yote, akafagia na kupiga deki sakafu, maana verni mpya na cheche hazipaswi kukutana. Alitupa unga kidogo ndani, akahesabu kwa sauti mpaka ukawa kahawia. Alifika ishirini na mbili.

"Mia mbili na kumi," alisema.

Kipimajoto cha mlangoni nilikuwa nimekileta. Kilisema mia mbili na tano. Niliandika zote mbili.

Tuliziingiza rulo moja moja kwa ubao wake mrefu wa mikate, zikalala juu ya matofali kwa ncha zao tu, verni isiguse kitu. Kipande changu chenye mchanga kikakaa mbele, karibu na tundu la kuchungulia. Mlango ulifungwa saa sita na dakika kumi na tano. Hewa ilishuka hadi mia moja na hamsini, kisha matofali yakarudisha moto walioumeza tangu asubuhi, ikapanda hadi mia moja na tisini. Muda huo wote chuma kilijivuta nyuma. Saa saba, hewa ilikuwa mia moja na tisini na chuma mia moja na ishirini. Nilimwonyesha Papa Feruzi zile namba mbili.

"Juu mwekundu, ndani uji," alisema.

Chuma kilifika mia moja themanini saa nane kasoro dakika tano. Nikaanza kuhesabu saa moja yangu. Mama Adela alikaa juu ya gunia, akila karanga, akiniuliza kila baada ya dakika kumi kama bado saa inatembea. Saa tisa kasoro dakika tano nilisimama kufungua. Papa Feruzi alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshika sufuria na mwiko, akapiga kwa nguvu zake zote.

"Bwana! Fimbo zako zinaungua!"

Rulo zilitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Tuliziacha zipoe. Nililowesha tambara kwa spiriti, nikasugua rulo ya kwanza mara hamsini. Tambara lilitoka jeupe. Niligonga kwa mpini wa nyundo, verni haikuruka. Nilifanya hivyo kwa zote kumi na moja. Mama Adela alihesabu pamoja nami, na tulipofika ya mwisho alinusa hewa.

"Papa Feruzi, kuna kitu kinanuka."

Ni mimi niliyesahau. Katika kupima moto wote huo sikupima moshi wa verni. Matanuri yalikuwa mawili lakini bomba la moshi lilikuwa moja, na tanuri la kulia lilikuwa na mikate arobaini ya chai ya Jumapili. Papa Feruzi aliitoa. Ilikuwa mizuri kwa macho, ina rangi nzuri, imeumuka, na inanuka kama ateliye. Alivunja mmoja, akaunusa, akawatupia kuku wa jirani. Kuku walikuja mbio, wakasimama, wakauangalia, wakaondoka.

"Hata kuku," alisema Papa Feruzi taratibu. "Hata kuku, Papa Minuti."

Mikate yote tuliifukia shimoni, maana sikuwa na hakika kama moshi ule unamdhuru mtu, na kisicho na hakika hakiliwi. Naandika pia kwamba msirudie kupika verni mahali panapopikwa chakula. Sisi tulikuwa na shida na ujinga kwa kipimo sawa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, laini nyeupe iliwashwa. Direkta alisimama mikono nyuma. Watu thelathini na mmoja walisimama mahali pao, na wa thelathini na mbili, Mama Adela, aliinamia meza. Kitambaa kilipita. Zikapita mita kumi, zikapita hamsini. Saa kumi na mbili na dakika ishirini aliinua mkono, meza ikasimama.

"Papa Minuti, njoo."

Nilikwenda. Nilitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe.

"Doa liko wapi, Mama?"

"Haiko. Nimekuita uone kitu cheupe kinafananaje. Wiki ile ulikuwa umesahau."

Walicheka wote, na nilimwona Direkta akigeuza uso kuangalia dirisha. Laini haikufungwa. Rulo zile zilizunguka mwaka huo na mwaka uliofuata. Mwaka 1964, mji ulipobadilisha watawala mara mbili na mashine zikalala kimya, zilikaa miezi katika unyevu wa ziwa bila mtu wa kuzifuta. Tulipowasha tena mwaka 1965, nilizifuta vumbi, nikazisugua kwa tambara lenye spiriti. Tambara lilitoka na vumbi tu. Mume wa Mama Adela alikuwa amekwisha kurudi, na siku hiyo alikuja kiwandani kuona hizo fimbo zilizowahi kulala katika tanuri la mikate. Alisema alizidhania kubwa zaidi.

Mnaponiuliza kiwanda kiliokoa kiasi gani, sijui. Direkta alijua, hakuniambia, nami sikuuliza. Ninachojua ni hasara, kwa sababu tuliilipa wenyewe. Niliandika ombi la kumlipa Papa Feruzi, likarudi na maneno haya kwa wino mwekundu: katika matumizi ya ateliye hakuna fungu la mikate. Mama Adela alilisoma ombi hilo kwa sauti mbele ya laini nzima, kisha akavua kitambaa chake cha kichwa na kukipitisha. Watu thelathini na wawili walitoa faranga saba kila mmoja, zikawa mia mbili na ishirini na nne. Mimi niliongeza kumi na sita. Papa Feruzi alizihesabu mara mbili juu ya ubao wa unga: mikate arobaini, faranga sita kwa mkate, jumla faranga mia mbili na arobaini.